Maisha ya Brigham Young, Kiongozi wa Wamormoni, na Mazingatio Yake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake, twasema:

Mwaka 2025 lilifunguliwa mjini Nairobi hekalu la watu waitwao Wamormoni, ambao wenyewe hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Vijana wao hutembea wawili wawili, wamevaa mashati meupe na kibao cha jina kifuani, wakiwaita watu katika dini yao. Mwenye kuwaona huuliza: ni nani hawa, na asili yao ni wapi? Wako wasemao kuwa ni madhehebu ya Kikristo kama mengine yote. Na wako waliosikia kuwa wazee wao walioa wake wengi, wakadhani kuwa wana jambo la kukaribiana na Uislamu. Kauli zote mbili zataka kupimwa. Nasi tumeona kuwa njia nyepesi ya kuwajua watu hawa ni kuyatazama maisha ya yule aliyewajenga, naye ni Brigham Young. Hatukusudii kumsifu wala kumtukana. Twakusudia mazingatio, kwani Muislamu huitafuta hikima popote ilipo, na hujifunza kwa kosa la mwenziwe kabla hajalitenda yeye.

Brigham Young alizaliwa tarehe 1 Juni 1801 katika kijiji cha Whitingham, jimbo la Vermont, upande wa kaskazini mashariki ya Marekani. Alikuwa mtoto wa tisa katika watoto kumi na mmoja wa mkulima fakiri aliyekuwa akihama huku na huku kutafuta ardhi. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1815, naye hajatimiza miaka kumi na mitano. Skuli hakuijua, yeye mwenyewe alikuwa akihesabu kuwa siku zote alizokaa darasani hazikuzidi 11. Alijifunza kazi ya mikono: useremala, kupaka rangi na kutia vioo madirishani, na kwa kazi hiyo akajilisha na kuoa.

Zama zile, katika jimbo la New York alikohamia, watu walikuwa wakibishana sana juu ya dini, kila mhubiri akiita kwake. Katika fujo hiyo alitokea kijana aitwaye Joseph Smith, akadai kuwa malaika amemjia na kumwonyesha mabamba ya dhahabu, na kuwa yeye ameyafasiri maandishi yake. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1830 kwa jina la Kitabu cha Mormoni, na mwaka huohuo akaanzisha kanisa lake. Hapa itikadi yetu haina shaka: utume umekhitimishwa kwa Bwana wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, na kila adaiye utume baada yake dai lake ni batili. Tena Wamormoni wanafundisha kuwa Mungu ana mwili wa nyama na mifupa, jambo ambalo mwenye kumjua Mola kwa tauhidi hawezi kulikubali kamwe. Hata makanisa mengine ya Kikristo yamebishana nao tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wameongeza vitabu juu ya Biblia na hawaufuati Utatu kama wanavyoufundisha wenzao. Basi na ifahamike kuwa watu hawa hawana ukaribu na Uislamu katika msingi wa dini.

Young alikisoma kitabu kile, lakini hakulikimbilia jambo. Alikaa kiasi cha miaka miwili akichungua na kuuliza, mpaka Aprili 1832 akabatizwa. Mwaka huohuo mkewe alifariki, akamwachia binti wawili wadogo. Akaenda kuonana na Smith katika mji wa Kirtland, jimbo la Ohio, na mwaka 1835 akawekwa kuwa mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa kanisa hilo.

Wamormoni hawakupata utulivu. Walipokusanyika katika jimbo la Missouri majirani zao waliwachukia, kwa ajili ya dini yao, na kwa kuwa walikuwa wakinunua ardhi na kupiga kura wote kwa pamoja. Ikatokea vita, na Oktoba 1838 gavana wa jimbo, Lilburn Boggs, akatoa amri ya maandishi kuwa Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe. Smith alifungwa gerezani. Ndipo ilipodhihiri tabia ya seremala yule. Yeye na wenzake waliwataka wenye uwezo waweke ahadi kwa saini zao kuwa mali zao zitatumika mpaka maskini wa mwisho ametolewa Missouri, na maelfu ya watu wakavushwa mpaka jimbo la Illinois, walikojenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi.

Mwaka 1839 alitumwa Uingereza. Aliondoka nyumbani akiwa mgonjwa, na mke wake wa pili, Mary Ann Angell, ametoka kujifungua siku chache tu. Alifika Liverpool Aprili 1840. Kwa muda wa mwaka mmoja yeye na wenzake walivuta maelfu ya watu, wengi wao mafundi na wafanyakazi wa viwanda, maskini wa miji ile ya moshi, wakapanga merikebu za kuwachukua Marekani. Baadaye, mwaka 1849, waliasisi hazina ya wahajiri: anayesaidiwa nauli hulipa akishapata kazi, ili pesa zilezile zimchukue mwingine.

Tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha lilivamia gereza la mji wa Carthage likamwua Joseph Smith na nduguye Hyrum. Maadui walidhani kuwa kanisa limekufa naye. Wafuasi walifarikiana, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye mrithi. Katika mkutano wa tarehe 8 Agosti 1844 mjini Nauvoo wengi wao waliridhia kuwafuata wale Kumi na Wawili, na Young ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wengine hawakumkubali, na miongoni mwao ni mjane wa Smith mwenyewe.

Februari 1846, katika baridi kali, Wamormoni walianza kutoka Nauvoo kwa magari ya ng'ombe. Waliweka kambi kando ya mto Missouri, na mamia wakafa kwa maradhi na njaa. Young aliwagawa wasafiri katika mafungu ya kumi, hamsini na mia, kila fungu na mkubwa wake. Njiani walilima mashamba ambayo hawakutaraji kuyavuna wao, ili wale watakaofuata nyuma wapate chakula. Tarehe 24 Julai 1847, akiwa mgonjwa wa homa amelala garini, Young aliingia bonde la ziwa kubwa la chumvi, katika nchi iliyokuwa bado ya Mexico, iliyoingia katika mamlaka ya Marekani mwaka uliofuata. Lilikuwa bonde kavu, nyuma yake milima na mbele yake maji yasiyonyweka. Wenzake waliotangulia walikuwa tayari wamekwisha kuelekeza mto mdogo katika mashamba na kuanza kupanda viazi.

Hapa ndipo kazi yake kubwa ilipoonekana. Maji ya milimani hayakufanywa mali ya mtu mmoja. Watu walichimba mifereji kwa pamoja, na kila shamba likapewa zamu yake. Kila mtu alitoa sehemu ya kumi ya pato lake, na asiyekuwa na pesa alitoa nafaka, mayai, siagi au siku za kazi. Ghala hiyo ndiyo iliyowalisha wajane na wageni waliokuwa wakifika kila mwaka. Katika maisha yake Young alisimamia kuwekwa kwa makao zaidi ya 300 katika Utah na majimbo ya jirani, akichagua kwa kila mji mhunzi wake, mwashi wake na mwalimu wake. Mtu huyu asiyesoma alianzisha chuo mwaka 1850, miaka mitatu tu tangu kuwasili, na mwaka 1875 akaanzisha chuo kingine katika mji wa Provo, ambacho leo ni chuo kikuu kikubwa chenye jina lake. Aliwahimiza wanawake kujifunza utabibu, na mwaka 1870 wanawake wa Utah walipata haki ya kupiga kura, miaka hamsini kabla ya kuthibitishwa haki hiyo katika katiba ya Marekani.

Hakuwa mtu asiyekosa hata katika mipango. Mwaka 1856, ili kupunguza gharama, alipanga wahajiri maskini kutoka Ulaya watembee jangwani wakisukuma vikokoteni badala ya kupanda magari ya ng'ombe. Misafara miwili ilichelewa ikakutwa na theluji, na zaidi ya watu 200 wakafa. Habari ilipomfikia Oktoba, wakati wa mkutano mkubwa wa kanisa, hakuendelea na hotuba za kawaida. Aliwaambia watu kuwa dini ya siku ile ni kuwaendea walio njiani, na misafara ya chakula ikatoka mara moja.

Ama jambo lililowafanya wajulikane duniani ni ndoa. Mwaka 1852 walitangaza hadharani kuwa mwanamume anaweza kuoa wake wengi, jambo ambalo wakubwa wao walikuwa wakilifanya kwa siri kabla ya hapo. Young mwenyewe aliandikiwa wake zaidi ya 50, baadhi yao wajane na wazee waliokuwa chini ya himaya yake tu, na akazaa watoto zaidi ya 50 kwa wake 16. Mmoja wao alimshitaki mahakamani mwaka 1873 akitaka talaka, kisha akazunguka Marekani akihutubia watu dhidi ya ndoa hizo. Wako kati yetu wanaocheka na kusema kuwa huyu alitushinda. Uislamu haukuja kuongeza idadi ya wake. Ulikuta watu wanaoa bila ya mpaka, ukaweka mpaka wa wanne, na juu yake ukaweka sharti ya uadilifu, na mwenye kuikhofia nafsi yake akaamrishwa mmoja. Mwenye kuoa wa pili na huku wa kwanza hana kodi ya nyumba wala watoto hawana ada ya skuli, asijifiche nyuma ya sharia.

Maadui wa Wamormoni walipotaka kuwatukana waliwafananisha na sisi, wakimwita Smith Muhammad wa Marekani. Hata Richard Burton, Mzungu yule aliyeingia Makka kwa kujigeuza mwaka 1853 na aliyefika Unguja na Mombasa kabla ya safari yake ya bara ya mwaka 1857, alikwenda Salt Lake City mwaka 1860, akaonana na Young na kuandika kitabu juu ya mji ule. Waliokuwa wakitukana hawakuwa na ilimu ya Wamormoni wala ya Uislamu. Na sisi tusiwe kama wao, tukawasema watu wa dini nyingine kwa uvumi.

Sasa twafika penye uchungu. Young alikuwa mkuu wa kanisa na tangu 1850 ndiye gavana wa Utah, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Mwaka 1857 Rais James Buchanan alipeleka jeshi Utah ili kumwondoa katika ugavana. Hotuba za Young na wakubwa wenziwe zikawa kali, na watu wakajaa khofu kuwa wanakuja kuangamizwa kama walivyotishwa Missouri. Wakati huo msafara wa wahajiri kutoka Arkansas, wanaume, wanawake na watoto, ulikuwa ukipita kusini ya Utah kwenda California. Katika bonde la Mountain Meadows wanamgambo wa Kimormoni, pamoja na baadhi ya wenyeji wa kabila la Paiute, waliuzunguka msafara ule siku kadhaa. Tarehe 11 Septemba 1857 wanamgambo walikwenda na bendera nyeupe, wakawaahidi amani wakiweka silaha chini. Walipoziweka waliuawa. Waliokufa walikuwa kiasi cha watu 120, na watoto wadogo 17 tu ndio walioachwa hai.

Mjumbe alikuwa amepelekwa kwa Young kuuliza la kufanya, na jibu lake la kuwa wasafiri waachwe wapite lilifika siku mbili baada ya mauaji. Wanahistoria wamebishana sana juu ya kiasi cha lawama yake. Lakini haya hayana mabishano: maneno yake makali yalikuwa yamekwisha kuziwasha nyoyo, waliofanya jambo lile walikuwa wakulima na baba za watoto, watu wa ibada, waliotii amri ya wakubwa wao wa pale, na katika wote hao aliyeadhibiwa kwa mkono wa sheria ni mmoja tu, John D. Lee, aliyepigwa risasi palepale mwaka 1877, miaka ishirini baadaye. Damu ya mtu aliyepewa amani ni nzito katika kila dini, na katika Uislamu kumvunjia amani hata aliye adui ni khiyana kubwa.

La pili ni jambo la rangi. Katika zama za Smith mtu mweusi, Elijah Abel, alipewa ukuhani wa kanisa hilo mwaka 1836. Mwaka 1852 Young alitangaza kuwa watu wenye asili ya Kiafrika hawana sehemu katika ukuhani, akidai kuwa wana laana ya mwana wa Adamu aliyemwua nduguye. Mwaka huohuo baraza la Utah likapitisha sheria ya kuruhusu utumwa. Kauli ile ya mtu mmoja iligeuka kuwa dini, na watu wakaifuata miaka 126 bila ya kuuliza dalili. Katika Ghana na Nigeria walikuwako Waafrika waliosoma vitabu vya Wamormoni wakajikusanya wenyewe miaka mingi wakingoja kupokewa, wasipokewe. Marufuku hiyo iliondolewa Juni 1978, na mwaka 2013 kanisa lenyewe likaandika kuwa linazikana sababu zile zilizokuwa zikitolewa.

Young aliondolewa katika ugavana mwaka 1858, lakini akabaki mkuu wa kanisa mpaka kufa kwake. Alifariki Salt Lake City tarehe 29 Agosti 1877, umri wake miaka 76. Baada yake serikali iliwabana watu wake kwa sababu ya ndoa. Mwaka 1879 mahakama kuu ya Marekani iliamua kuwa mtu ni huru katika itikadi yake, ama kitendo chake kiko chini ya sheria. Wengi walifungwa na mali ya kanisa ikachukuliwa, mpaka mwaka 1890 mkuu wao Wilford Woodruff akatangaza kuacha ndoa za wake wengi. Mwaka 1896 Utah ikawa jimbo kamili. Reed Smoot, mmoja wa Mitume wao, alichaguliwa katika baraza la Senate mwaka 1903, na kwa miaka minne wakubwa walijadiliana kama Mormoni anafaa kukaa humo, mwisho akabaki. Na mwaka 2012 Mormoni, Mitt Romney, alisimama kugombea urais wa Marekani kwa chama kikubwa. Watu walioamriwa kuangamizwa wamekuwa watu wa kuombwa kura.

Ndugu zetu, tuzingatie. Watu hawa walifukuzwa mara nyingi, wakaenda jangwani hawana kitu, lakini walikuwa na mpango: fungu la kumi likikusanywa mahali pamoja, maji yakigawanywa kwa haki, maskini akipewa kazi kabla ya kupewa sadaka, na skuli ikijengwa mapema. Sisi tunayo Zaka iliyo faradhi na tunazo wakfu za wazee wetu, na bado Zaka yetu nyingi hutolewa senti senti mlangoni, mwaka wa kumi mpokeaji akiwa ni yuleyule. Kosa haliko katika dini yetu, liko katika uvivu wetu wa kupanga.

Na upande wa pili wa mazingatio ndio mzito zaidi. Utii uleule uliochimba mifereji ndio uliomwaga damu Mountain Meadows, na heshima ileile kwa mkubwa ndiyo iliyoifanya kauli mbovu juu ya watu weusi ikae zaidi ya karne moja. Jamaa inahitaji kiongozi, lakini kiongozi asiyeulizwa dalili ni hatari kwa nafsi yake na kwa wanaomfuata. Mashekhe wetu tuwapende na tuwasikilize, na tuwaulize kwa adabu: neno hili limetoka wapi? Shekhe mwenye ilimu hatakasirika kwa kuulizwa.

Tena tusiwacheke Wamormoni kwa jambo la rangi na huku nyumbani kwetu mposaji mwenye dini na tabia njema anarudishwa kwa sababu ya ukoo wa babu yake, na watu wanapimwa kwa usharifu, Uarabu na utumwa uliokwisha zamani. Wao walikuwa na kauli ya mkuu wao ya kujisingizia. Sisi hatuna hata hiyo, kwani Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kuufuta ubora wa rangi na nasaba isipokuwa kwa ucha Mungu. Basi sisi ambao katazo limetufikia, udhuru wetu utakuwa ni upi?

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke. Amin.